Bawabu wa Tahajia na Bawabu wa Maana: Uhakiki wa Masharti ya Maudhui katika Majukwaa ya Wanataaluma wa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna jumuiya za wanataaluma wa Kiswahili zinavyoamua kipi kipite na kipi kizuiwe katika majukwaa wanayoyatumia kwa pamoja. Mifano yake inatoka katika Kamati ya Lugha iliyoanza kazi 1930 na katika historia ya Rwanda, ambako mwanahistoria mmoja na mwanaisimu mmoja walifikishwa mahakamani kwa sababu ya maneno. Makala yanadai kwamba masharti yetu yamezoea kuwa makali kwa umbo la lugha na malegevu kwa madai yanayobebwa na lugha hiyo, na kwamba vifungu vitatu vinavyopendwa zaidi, yaani staha, uhusiano wa mada na taaluma, na kuepuka siasa, visingeyazuia maandishi yaliyoleta madhara makubwa kuliko yote katika eneo letu. Mwishoni yanajadiliwa masharti yanayoifaa jumuiya changa ya wanataaluma wa Kiswahili nchini Rwanda.

Utangulizi

Kilima cha Kinyinya, katika Wilaya ya Gasabo mjini Kigali, kilikuwa mdomo wa Kiswahili kwa nusu karne ingawa wakazi wake wengi hawakuwa wasemaji wa lugha hiyo. Hapo ndipo kiliposimama kituo cha kurushia matangazo cha Deutsche Welle tangu 1965 hadi Machi 2015. Sauti iliyotamkwa Ujerumani ilipokewa pale, ikapandishwa kwenye milingoti na kusambazwa kwa masafa mafupi, ikawafikia wasikilizaji wa Kiswahili wa Kigoma, Bukavu, Mombasa na Unguja. Mkulima aliyelima mteremkoni chini ya nyaya zile hakuwa na usemi wowote juu ya kilichopita kichwani mwake. Hakuulizwa, wala hapakuwa na mtu wa kumuuliza. Leo kilima hichohicho kimetengewa mradi wa mji wa kijani, na kizazi kinachokua pale kinajifunza Kiswahili kama lugha rasmi ya nchi, hadhi iliyopatikana kwa sheria ya 2017.

Kituo kile ni mfano mzuri wa swali la makala haya kwa sababu kinatenganisha mambo mawili ambayo aghalabu tunayachanganya: chombo kinachobeba maneno, na mamlaka ya kuamua maneno gani yabebwe. Jumuiya ya wanataaluma nayo ina milingoti yake: jarida, kongamano, kitabu cha makala, na njia za kupelekeana taarifa, rasimu na hoja kati ya mkutano mmoja na mwingine. Kila chombo cha namna hiyo kina bawabu, hata pale inapodaiwa kwamba hana. Asiyeandika masharti ya mlangoni amekabidhi masharti hayo kwa hulka ya mtu aliyeshika ufunguo siku ile.

Msomaji wa Dodoma au Eldoret aweza kudhani kwamba huu ni mjadala wa adabu tu: watu wasitukanane, wasitangaze bidhaa, wasirudie tangazo moja mara tatu. Ukitazamwa kutoka Kigali haubaki hivyo. Kutoka Kinyinya hadi Gisozi, yalipo Makumbusho ya Mauaji ya Kimbari, ni mwendo mfupi. Katika mji huu hakuna anayehitaji kuelezwa kwamba maneno yaliyoachwa yapite yanaweza kumaliza watu.

Kamati ya 1930 na kazi ya bawabu

Jumuiya yetu ya taaluma ilizaliwa ikiwa na bawabu. Baada ya mkutano wa elimu wa Dar es Salaam wa 1925 na ule wa Mombasa wa Juni 1928, ambao uliteua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, Kamati ya Lugha ya nchi nne za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar ilianza kazi tarehe 1 Januari 1930, Frederick Johnson akiwa katibu wake wa kwanza. Wengi wamelisimulia tukio hilo kama historia ya lahaja: Kimvita kilishindwa, Kiunguja kikashinda. Linaweza pia kusomwa kama historia ya mlango.

Miongoni mwa kazi za Kamati ilikuwa kukagua Kiswahili cha vitabu vya shule kabla havijachapishwa na kukirekebisha pale ilipoona haja. Kitabu kilichokubaliwa kilipewa ithibati, na ithibati hiyo ndiyo iliyokipeleka madarasani. Kamati ilikuwa pia na taarifa yake ya kila mara, ambamo istilahi, maswali na majibu vilichapwa kwa manufaa ya walioshughulika na lugha katika nchi zote nne. Taarifa hiyo, baada ya kubadilishwa jina zaidi ya mara moja, ndiyo jarida la *Kiswahili* tunalolijua, lililobeba jina hilo tangu 1970, baada ya Kamati kugeuka kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa hiyo tunapozungumzia masharti ya jukwaa la wanataaluma wa Kiswahili hatuanzi upya. Tunakarabati nyumba tuliyorithi, na mlango wake una mkono wa aliyeujenga.

Bawabu huyo alitazama nini? Alitazama tahajia. Alitazama mgawanyo wa maneno, upatanisho wa kisarufi, ulinganifu wa istilahi. Hiyo haikuwa kazi ndogo, na anayeibeza leo anaibeza kwa tahajia ileile iliyowekwa na walioifanya. Bila ulinganifu huo mwanafunzi wa Kampala na wa Lindi wasingesoma kitabu kimoja. Lakini ukaguzi ule ulihusu umbo. Ama kuhusu kilichosemwa na kitabu juu ya watu waliokuwa wakisomeshwa, ulinzi ulikuwa umekwisha kufanywa mahali pengine, katika ofisi za serikali na za misheni, na watu ambao hawakuona sababu ya kujieleza. Kwa zaidi ya muongo mmoja wa mwanzo Mwafrika hakuketi katika vikao vya Kamati hiyo. Wenye lugha walikuwa nje ya chumba ambamo lugha yao ilikuwa ikipewa pasi ya kusafiria.

Hapa pana jambo ambalo uhakiki wetu umelipita upesi mno. Katika mkutano wa Mombasa wa 1928 alihudhuria Profesa Carl Meinhof wa Hamburg, aliyekuwa mmoja wa wanaisimu wa lugha za Kibantu walioheshimiwa kuliko wote wakati ule. Alialikwa kwa ujuzi wake, na kwa kipimo cha mlango ule alistahili. Miaka kumi na sita kabla ya hapo, mwaka 1912, Meinhof huyohuyo alikuwa amechapisha kitabu kikubwa juu ya lugha alizoziita za Kihamiti, ambamo alikusanya pamoja lugha kama Kifula, Kimaasai na Kinama. Nyuma ya mpangilio huo lilikuwamo wazo kwamba palikuwa na Wahamiti, watu wa asili ya nje, wafugaji na watawala kwa tabia yao, waliotofautiana na wakulima weusi waliowakuta. Joseph Greenberg aliubomoa mpangilio huo kwa hoja za kiisimu, hasa katika kitabu chake cha 1963 kuhusu lugha za Afrika. Lakini kati ya 1912 na 1963 kuna miaka hamsini na mmoja, na katika miaka hiyo nadharia ilifanya kazi yake.

Sidai kwamba Meinhof aliandika historia ya Rwanda. Mnyororo ni mrefu na pete zake ni nyingi. John Hanning Speke, katika kitabu chake cha 1863, alikuwa amekwisha kukisia kwamba watawala wa falme za Maziwa Makuu walitoka upande wa Ethiopia. Alikisia hivyo baada ya kukaa Karagwe na Buganda, na Rwanda yenyewe hakuwahi kuikanyaga. Wamisionari na maofisa wakalichukua kisio hilo wakalivisha joho la elimu. Mwaka 1930, mwaka uleule Kamati ya Lugha ilipoanza kazi, Charles Seligman alichapisha kitabu chake juu ya mbari za Afrika, kilichowapa Wahamiti sifa ya kuleta ustaarabu wote wa maana barani. Katika miaka hiyo ya 1930 utawala wa Kibelgiji uliwaandikia Wanyarwanda vitambulisho vyenye neno Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Watu waliosema lugha moja, Kinyarwanda, lugha ya Kibantu isiyo na shaka yoyote, wakagawanywa kwa nadharia iliyodai kujengwa pia juu ya tofauti za lugha. Mwanaisimu yeyote mwaminifu angeliona kasoro hiyo kwa dakika moja.

Mintarafu mlango, jambo la kuzingatia ni kwamba hakuna sharti lolote la jukwaa lolote la wakati ule lililokiukwa. Maandishi yalikuwa ya kitaaluma. Yalihusu mada. Yalikuwa na staha. Waandishi wake walikuwa na shahada na viti vya uprofesa. Yalipita milango yote kwa heshima, na bawabu akainuka kuyapisha.

Wanazuoni wawili

Iwapo mfano huo unaonekana wa mbali, mwingine uko karibu zaidi. Ferdinand Nahimana alikuwa mwanahistoria aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda, na alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa redio ya RTLM iliyoanza kurusha matangazo Julai 1993. Léon Mugesera alikuwa mwanaisimu, mwenye shahada ya uzamivu kutoka Québec, aliyefundisha katika chuo hichohicho. Tarehe 22 Novemba 1992, huko Kabaya, Mugesera alitoa hotuba kwa Kinyarwanda ambamo, pamoja na mengine, aliwakumbusha wasikilizaji wake kwamba kwao Watutsi ni Ethiopia, na kwamba watarudishwa huko kwa njia ya mkato ya mto Nyabarongo. Kisio la Speke la 1863 lilikuwa limefika kinywani mwa mwanaisimu aliyehitimu, miaka mia moja ishirini na tisa baadaye, likiwa sasa si kisio tena. Mwaka 1994 mito ya Rwanda ilibeba maiti.

Mashauri ya wawili hawa yana manufaa makubwa kwa mhakiki wa lugha, na nashangaa kwamba hayatajwi mara nyingi katika makongamano yetu. La Mugesera lilipitia mahakama za Kanada kwa miaka mingi hadi Mahakama Kuu Kabisa ya nchi hiyo ilipotoa uamuzi Juni 2005. Alirudishwa Rwanda Januari 2012, na Aprili 2016 alihukumiwa kifungo cha maisha. Katika safari hiyo yote mabishano yalirudi kwenye mambo tunayoyafundisha darasani: tafsiri ipi ya hotuba ni ya kuaminika, fumbo lilieleweka vipi na waliokuwa uwanjani, kitenzi kilielekezwa kwa nani, muktadha unapanua au unapunguza maana kiasi gani. Majaji walilazimika kuwa wahakiki. Uhakiki waliolazimika kuufanya mahakamani ungeweza kufanywa mapema zaidi, na bei nafuu zaidi, na wenzake wa taaluma.

La Nahimana lina funzo tofauti. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyoketi Arusha, ilimhukumu kifungo cha maisha tarehe 3 Desemba 2003. Miongoni mwa maandishi yaliyosomwa katika shauri hilo ilikuwamo insha yake kuhusu matatizo ya Rwanda na suluhisho lake, aliyoiandika Februari 1993 na kuisambaza tena Machi 1994. Angalia chombo chenyewe: insha ya msomi, iliyopelekwa kwa watu teule, ikiwataka watoe maoni. Ndicho chombo tunachokitumia sisi kila wiki.

Tarehe 28 Novemba 2007 Mahakama ya Rufaa ilipunguza adhabu yake hadi miaka thelathini. Ilithibitisha hatia ya uchochezi kwa matangazo ya RTLM yaliyorushwa baada ya tarehe 6 Aprili 1994, lakini ikatofautisha kauli za chuki na uchochezi wa moja kwa moja na wa hadhara wa kutenda mauaji ya kimbari. Kauli ya chuki, ilisema, haitoshi yenyewe kuwa kosa hilo. Baadhi ya wasomaji waliuona uamuzi huo kuwa wa kuvunja moyo. Mwandishi wa makala haya anauona kuwa sahihi kisheria, na usahihi wake ndio unaotupa kazi. Sheria ya jinai inapaswa kusubiri hadi mwisho kabisa wa njia, kwa sababu adhabu yake ni nzito na mtuhumiwa ana haki ya shaka. Kati ya sentensi ya kwanza ya dharau iliyoandikwa kwa lugha ya kitaaluma na tangazo la redio linalotaja majina ya watu wa kuuawa, kuna masafa marefu ambayo sheria haiwezi kuyalinda na haipaswi kujaribu kuyalinda yote. Masafa hayo ni ya jumuiya yenyewe. Ndipo yanapohusika masharti ya maudhui.

Vifungu vitatu

Masharti ya majukwaa ya kitaaluma, yawe ya majarida au ya njia za kupashana habari, kwa kawaida huwa na vifungu vitatu. Michango iwe na lugha ya staha. Michango ihusiane na taaluma. Michango isiwe ya kisiasa. Vifungu hivi vinapendwa kwa sababu havimgharimu bawabu chochote: anaweza kuvitumia bila kusoma aya ya pili.

Kifungu cha staha kinazuia matusi, na ni vizuri kizuie. Lakini hatari haiji ikitukana. Maneno yaliyowaandaa watu wa Rwanda kuwaona majirani zao kama wageni yaliandikwa kwa miongo mingi katika sentensi ndefu zilizopangika, zenye rejeleo chini ya ukurasa. Kinyume chake, aliyedhulumiwa na maandishi hayo ndiye anayetarajiwa kujibu kwa hasira, na kifungu cha staha kitamwangukia yeye. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, wasema wahenga. Lakini katika taaluma kuna walioelimika vya kutosha wasijikwae ulimi kamwe, na bado wanachokisema kikaumiza.

Kifungu cha uhusiano na taaluma hakihitaji maelezo marefu. Meinhof alikuwa ndani ya mada.

Kifungu cha siasa ndicho kigumu, kwa kuwa nia yake ni njema. Jumuiya ndogo yenye wanachama kutoka nchi saba au nane haiwezi kugeuzwa uwanja wa kampeni, na ugomvi wa serikali unaweza kuivunja kwa siku moja. Hata hivyo, mtu anayeandika juu ya Kiswahili atawezaje kuepuka siasa? Abdilatif Abdalla aliandika waraka wa kuuliza Kenya inakwenda wapi, mwaka 1968, na kwa ajili yake akafungwa tangu 1969 hadi 1972. Tungo alizozitunga gerezani zikatoka 1973 katika *Sauti ya Dhiki*, na mwaka uliofuata diwani hiyo ikapewa tuzo iliyobeba jina la rais yuleyule ambaye serikali yake ilimfunga. Bawabu wa kifungu cha siasa angeupokea uhakiki wa diwani na kuukataa waraka, kana kwamba kimoja hakikuzaa kingine. Nchini Rwanda kwenyewe, kuandika tu kwamba Kiswahili kilikuwa kwa muda mrefu lugha ya mitaa ya Nyamirambo na Biryogo, ya Waislamu, madereva na wafanyabiashara, na kwamba kilidharauliwa kwa sababu hiyo, ni kuandika siasa.

Kuna anayejibu kwamba dawa ni kuongeza ukali: kila kinachoweza kugawa watu kizuiwe. Rwanda ina uzoefu wa hilo pia. Sheria ya 2008 dhidi ya itikadi ya mauaji ya kimbari ilikosolewa kwa upana wa tafsiri yake, kwa maana mtu hakuweza kujua mapema sentensi yake iko upande gani wa mstari. Ilibadilishwa 2013 kwa tafsiri finyu zaidi, kisha ikaja nyingine 2018. Nchi yenye sababu nzito kuliko nchi yoyote ya kuogopa maneno iliona inafaa kurudi kwenye meza na kuupunguza mstari wake. Jumuiya ya wanataaluma isiyo na jeshi wala magereza haina udhuru wa kuwa na masharti yasiyosomeka.

Mfano wa ubishi uliopokewa

Si kwamba hatujawahi kufanya vizuri. Mgogoro wa ushairi wa miaka ya 1960 na 1970 ni ushahidi. Upande mmoja ulishikilia vina na mizani, ukiwa na kanuni zilizokwisha kuandikwa na Sheikh Kaluta Amri Abedi katika *Sheria za Kutunga Mashairi* (1954). Upande wa pili ulikuja na Euphrase Kezilahabi wa *Kichomi* (1974) na, baadaye kidogo, Mulokozi na Kahigi. Maneno yalikuwa makali, na kwa kweli mengine hayakuwa na staha. Lakini majukwaa ya wakati ule, likiwamo jarida la *Kiswahili* na lile la *Mulika*, hayakuufunga mlango kwa yeyote kati yao. Aliyeshambuliwa alijibu pale pale aliposhambuliwa, mbele ya wasomaji walewale. Leo tunafundisha pande zote mbili, na mwanafunzi anaweza kuamua mwenyewe.

Tofauti yake na kisa cha Wahamiti inaonekana. Ubishi wa ushairi ulikuwa juu ya tungo, na wenye tungo walikuwamo chumbani. Nadharia ya Wahamiti ilikuwa juu ya watu, na watu hao hawakuwamo.

Masharti kwa ajili ya jumuiya ya Rwanda

Kiswahili kinapokua Rwanda, walimu, watafiti na wafasiri wake wataunda, na kwa kiasi wameanza kuunda, njia zao za kusemezana. Wanatoka pande nyingi. Wapo waliosomea Tanzania. Wapo waliokulia Uganda na Kenya wakiwa wakimbizi. Wapo waliokuja na Kiswahili cha Goma na Bukavu. Wapo wa Nyamirambo ambao hawakukipata shuleni hata kidogo. Kila kundi lina sarufi yake midomoni. Hapa ndipo urithi wa Kamati ya 1930 unapoweza kudhuru upya. Nimewahi kuona mchango wa mtafiti kijana ukirudishwa na jukwaa moja la kanda, lisilo la lazima kutajwa, kwa kosa la upatanisho wa ngeli na maneno matatu ya Kikongo, bila neno hata moja juu ya data yake, ambayo ilikuwa mpya. Katika jukwaa hilohilo, muhula uleule, ilipita makala yenye Kiswahili safi iliyodai kwamba kabila fulani la bara lina uvivu wa kiasili wa kujifunza lugha. Upatanisho wake wa ngeli haukuwa na dosari.

Pendekezo la kwanza, basi, ni kugeuza uzito wa mlango. Kasoro ya lugha iwe sababu ya kumsaidia mwandishi, isiwe sababu ya kumfungia nje. Mhariri yupo kwa kazi hiyo. Uzito uhamie kwenye madai. Na si madai yote: sentensi inayodai jambo juu ya kundi la watu, asili yao, akili yao, tabia yao, idadi yao au haki yao ya kuwa mahali walipo, ndiyo isipite bila ushahidi ambao mtu mwingine anaweza kwenda kuuona. Sharti hili ni finyu kwa makusudi. Linamwacha mwandishi huru kuikosoa serikali, chuo, kitabu, sera ya lugha na mwenyekiti wa jumuiya.

La pili linahusu bawabu mwenyewe. Akizuia mchango aandike sababu, na sababu hiyo itaje kifungu. Sababu isiyoandikwa haiwezi kukatiwa rufaa, na penye bawabu asiyekatiwa rufaa waandishi huanza kujizuia wenyewe. Maandishi yanayopotea hivyo hayahesabiki kwa kuwa hayakuandikwa. Mtu mmoja asikae mlangoni miaka kumi. Wala wanaokaa mlangoni wasiwe wote wa chuo kimoja au nchi moja, maana Kiswahili kina mazoea ya kuamuliwa Dar es Salaam na Nairobi kisha kupelekwa kwingine kama barua, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao Zanzibar, ingefanya vyema kulikumbuka hilo inapotayarisha miongozo ya nchi wanachama.

Tatu, jibu lichapwe pale pale. Aliyeguswa na dai apewe nafasi ileile, kwa wasomaji walewale, pasipo kungojeshwa mwaka.

Linabaki suala la tafsiri, ambalo mashauri ya Arusha na Kanada yameliweka wazi kuliko kitabu chochote cha nadharia. Mwandishi wa Rwanda anayeandika kwa Kiswahili atachota methali, majina na tamathali za Kinyarwanda, na nyingi kati yake zina historia ambayo msomaji wa Pwani haijui. Neno linalomaanisha mdudu tu katika kamusi linaweza kuwa ndilo lililotumiwa 1994 kuwavua watu utu wao. Bawabu asiyejua Kinyarwanda atalipitisha kwa kutojua, au, kwa woga, atazuia kila neno la Kinyarwanda asilolielewa. Makosa yote mawili yanamwonea mwandishi na msomaji. Kwa hiyo kila mchango wenye matini ya Kinyarwanda usomwe na watu wawili, mmoja akiwa msemaji wa lugha hiyo aliye tayari kueleza kwa Kiswahili, kwa maandishi, neno lile lilisemwa na nani, lini, na kumhusu nani.